Gesi kwenye gari: kabla hujamuita fundi, uliza bei ya kilo

Kila petroli ikipanda hapa Uganda ule mjadala unarudi, ati weka gesi ya LPG, ile ile ya kupikia, kwenye gari yako utasevu karibu nusu. Anayekataa anaonekana mshamba, anaogopa mtungi utalipuka. Mimi niko upande wa huyo mshamba, ila si kwa hiyo sababu ya mlipuko, maana tangi la gari ni chuma nene lenye valvu inayozuia kujaza ikifika asilimia 80, na huko Uturuki na Poland wanaendesha hivyo kwa mamilioni miaka mingi tu. Hiyo hofu tuiache.

Shida ni hesabu. Wale wa gesi wanapenda kulinganisha lita kwa lita, na kweli kwenye nchi zenye pampu za gesi lita ya LPG iko chini sana. Lita hiyo ina nguvu kidogo kuliko ya petroli, gari itakunywa kama robo zaidi, lakini hata hivyo wenzetu wanabaki na kitu mfukoni. Sisi huku tunanunua kilo, ile ya kupikia, kwenye mtungi. Na kilo moja inafanya kazi ya petroli lita 1.4 hivi. Hiyo 1.4 ishike vizuri. Petroli ikiwa shilingi 5,000 kwa lita, kilo ya gesi lazima iwe chini ya 7,000, ikipita hapo unachoma hela.

Nilikaa na jamaa yangu mwenye Premio ya kukodi Kampala tukapiga hesabu nyuma ya risiti. Kwa siku kilomita 100, na kwa jam ya Jinja Road gari inakula lita 10, yaani 50,000. Kwa gesi hiyo ni kilo 7. Tukasema mtungi wa kilo 13 uwe 120,000, kilo inakuja kama 9,200, mara 7 ni elfu sitini na nne na kitu. Jamaa akanyamaza, akarudia kwa simu, ikatoka ile ile. Anapoteza elfu kumi na nne kila siku, na bado hajamlipa fundi! Wewe weka bei za kwako uone.

Na hata ukiweka, gari inawaka na petroli kwanza, inahamia gesi maji ya injini yakishapata moto. Sasa mtu wa kupeleka watoto shule na kurudi, gesi ataitumia saa ngapi?

Haya, wa gesi nao wana lao. Inaungua safi, oili haichafuki haraka, na kilo ikishuka mpaka 5,500 jamaa yangu anaokoa 11,500 kwa siku, mfumo wa gesi wa milioni tatu unajilipa ndani ya siku 260 na kitu. Kwa anayezunguka mji mzima kutwa hiyo ni biashara nzuri sana, sibishi. Tena Dar magari ya gesi yamejaa, ila jamani ile ni CNG, gesi asilia iliyoshindiliwa, yao wenyewe ya kutoka chini ya ardhi kisiwa cha Songo Songo, usiichanganye na hii yetu inayopanda lori kutoka Mombasa na kila mtu njiani anaweka faida yake.

Halafu kuna watakaokwambia utahamisha gesi mwenyewe kutoka mtungi wa jikoni, unaupindua kichwa chini. Hapo kweli ogopa, maana ile valvu ya 80 fundi wa kukushauri hivyo ndo wa kwanza kuichezea.

Jamaa yangu kilichomaliza mjadala hata si pesa. Tangi linakaa pale pa tairi ya spea, spea inahamia kwenye buti, na yeye abiria wake wengi ni wa Entebbe wenye masanduku mawili mawili. Hela aliyokuwa aiweke kwenye gesi amenunua plagi na tairi mbili za mbele.