Mtoto kainuka kucheza, mnamwambia akae?

Jumamosi nimetoka ukumbini na hasira mpaka nikapitiliza kituo, nashukia Mabatini nikajikuta Igoma, konda ananiangalia tu.

Tulialikwa bonanza la watoto wenye mahitaji maalum. Viti vya plastiki mistari kama mtihani wa taifa, soda za moto, mgeni rasmi kachelewa (kama kawa). Ngoma zikaanza. Mwanangu ana usonji, miaka tisa, haongei, spika zikipiga anaziba masikio ila ngoma ya ngozi anaifuata popote. Akainuka, akaenda akalaza shavu kwenye ubavu wa ngoma. Mpigaji, mzee wa watu, hakusema kitu, akapunguza mkono akawa anagonga taratibu, dogo kafumba macho, anacheka. Mara MC: "Mzazi, tunaomba umshike mtoto, anaharibu onyesho."

Onyesho la nani sasa?

Uingereza kuna kundi linaitwa Oily Cart, wapo toka 1981, wana maigizo ya watoto wenye ulemavu mzito, mengine wamefanyia ndani ya bwawa la maji ya vuguvugu, mengine juu ya trampolini, watoto wachache tu, mtoto anashika, ananusa, anaimbiwa jina lake. Haya, mtasema wenzetu wana hela. Sawa, bwawa la maji moto hatuna.

Lakini jamani, Usukumani hapa! Sikukuu ya ngoma ya Bulabo pale Bujora, vyama viwili vya ngoma, Bagika huku Bagalu kule, wanashindana nani avute watu, na watu wanahama kwa miguu yao, wakichoshwa huku wanakimbilia kule, vumbi, majembe ya ngoma ya bugobogobo yanarushwa juu, njuga unazisikia kwenye nyayo kabla hazijafika masikioni, umewahi kuona mtu anaambiwa akae kwenye kiti? Ngoma yetu haijawahi kuwa na kiti, hiki kiti tumekitoa wapi, na kwa nini tumeanza kukitumia kwa watoto ambao ndo hawakiwezi kabisa? Ngoma tatu, watoto watano, njuga wazishike wenyewe, basi, hata mgeni rasmi hatumhitaji.

MC nae aliogopa labda ngoma ingemwangukia dogo. Kidogo tu simlaumu.

(Na mlango wa choo kiti mwendo hakipiti. Na picha za watoto wetu mmepost bila kutuuliza.)

Yule mzee alitufuata nje, akakaa kwenye ngazi, ngoma kaibana magotini, dogo akarudisha shavu lake palepale. Ndani mgeni rasmi ndo alikuwa anaanza kuhutubia.