Kahawa ya Nizwa

Jamani mimi mtu wa Shinyanga, kahawa kwetu ni ile ya kopo, unatia kijiko kwenye maziwa ya moto basi yameisha. Sasa siku hiyo nipo Nizwa kule Oman, jamaa ninayefanya naye kazi kanialika kwao Ijumaa baada ya swala. Nilishaambiwa mapema, kula kwa mkono wa kulia, usinyooshee watu nyayo, nikasema hayo madogo bwana.

Tumekaa chini kwenye zulia, tende hizi hapa, halua inang'aa samli. Kijana kama wa miaka 14 hivi kasimama, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, ananimiminia kahawa inanukia iliki. Kikombe chenyewe hakina mkono, kinatiwa hata nusu hakifiki, nikagida mara moja. Akatia. Nikagida tena, maana nilivyolelewa mimi ukirudisha kikombe kina kitu umemdharau aliyekupa. Akatia. Nikamwambia shukran, akatabasamu, akatia! Nikawa namaliza chapchap ili mtoto wa watu akapumzike, kumbe na yeye miguu inawaka moto anasubiri mimi nitosheke ndo akae.

Kufika cha tisa moyo unadunda kama mashine ya kusaga, nikajisemea kwa Kiswahili nikijua hapa hakuna wa kunielewa, "Hivi huyu dogo ana nini na mimi lakini?"

Pembeni yangu kulikuwa na mzee, kanzu nyeupe pee, kofia ya kudarizi, tangu tumekaa anaongea Kiarabu kitupu. Akanigeukia. "Hana kitu nawe mwanangu. Tikisa kikombe, ndo kusema basi, la sivyo atakumiminia mpaka alfajiri."

Kiunguja safi! Kumbe kazaliwa Zanzibar huyo. Shikamoo ikanitoka yenyewe, na kwa kile kiwewe nikatikisa hapohapo, kwa nguvu zote, nikasahau cha tisa sijakinywa. Kahawa yote kifuani kwa mzee, doa linashuka taratiiibu kufuata kile kishada cha kanzu kinachoning'inia shingoni.

Kimya. Dogo kakumbatia dele hajui acheke au akimbie.

Mzee akaangalia kifua chake, akaniangalia mimi.

"Marahaba. Ila mwanangu, nimekwambia tikisa. Sikukwambia pepeta."