Chumvi kiasi, maji kiasi, chapati kama kandambili

Hivi hili neno "kiasi" nani alilileta jikoni? Uliza chapati laini zinapikwaje, utaambiwa: unga kiasi, chumvi kiasi, maji kiasi, kanda mpaka uone basi. Uone basi nini? Si ndiyo maana umeuliza, kwa sababu huoni! Kinachotoka jikoni sasa, ukikitoboa matundu matatu na kupitisha kamba, unakwenda nacho bafuni. Na lawama anatupiwa unga: "Unga wa siku hizi si kama wa zamani." Jamani, mwacheni unga.

Tutaje namba tuone kama dunia itaisha. Unga wa ngano nusu kilo. Chumvi kijiko kimoja cha chai. Mafuta vijiko vitatu vya chakula, yafikiche kwenye unga mkavu mpaka ukiuminya kiganjani ushikane. Maji ya uvuguvugu mililita 300. Habari za vikombe tuziache, maana nyumba moja ina kikombe cha kahawa, kikombe cha mgeni, na kile cha zawadi kinachomeza uji wa watu wawili. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, jaza kupita nusu kidogo, basi. Usiyamwage yote kwa pupa. Mengine yaingie kidogo kidogo. Unga wa atta, ule wenye pumba, utakudai zaidi.

Balaa linaanzia hapa. Unga ukinata mikononi, mtu anashtuka kama kagusa gundi, anaongeza unga. Unanata, anaongeza. Kufika mwisho ana tofali, na tofali hata ulisukume na trekta litatoa tofali. Donge la chapati liwe laini kama ndewe ya sikio, na kunata kidogo mwanzoni ni haki yake. Paka mikono mafuta, kanda dakika 10. Za saa, si za kuhema! Kunata kutapungua kwenyewe, kwa sababu unga bado unayanywa yale maji.

Halafu lifunike na uliache dakika 30. Hii nusu saa ndiyo inayovunja nyumba. Kila anayepita anachungulia: "Bado tu?" Bado. Ngano ikikandwa inavutika kama mpira, na isipopumzika, ukiisukuma inarudi. Unasukuma huku, inarudi kule, mnashindana na donge kama mnagombea shamba la urithi. Likipumzika, linalala lenyewe chini ya mti wa kusukumia.

Kata madonge manane. Sukuma moja liwe jembamba, paka mafuta au samli kijiko kimoja cha chai hadi ukingoni, likunje kama kamba, lizungushe kama konokono, mkia uuchomeke chini. Yale mafuta ndiyo yanayozuia tabaka zisigandane. Mbahili wa mafuta atakula karatasi moja nene. Konokono nao wapumzike dakika 15 wakiwa wamefunikwa, ndipo uwasukume mara ya mwisho bila kuwakandamiza kwa hasira. Ikitoka na umbo la ramani ya Afrika, hiyo haina shida, tumboni hakuna anayepima duara.

Unga wa kunyunyizia kibao uwe mchache, na ukung'ute. Unaobaki juu ya chapati unadondoka kikaangoni, unaungua, na ndio unaoleta vile vidoa vyeusi vichungu na moshi unaowaita majirani. Futa kikaango kwa kitambaa kikavu kila baada ya chapati mbili.

Moto je? Kuna wanaoupunguza eti "isiungue". Ndiyo haiungui, inakauka! Chapati ikikaa muda mrefu kwenye moto mdogo, maji yake yote yanaondoka na unabaki na ubao. Dondosha tone la maji kikaangoni: likichemka na kurukaruka, tayari, likikaa linatafakari, subiri. Ndiyo maana chapati ya kwanza huwa imepauka kama mgonjwa: mpishi hakusubiri. Weka chapati bila mafuta, ikitoa malengelenge, baada ya sekunde kama 30, igeuze. Sasa paka mafuta upande wa juu, geuza, paka na wa pili, bonyeza kingo kwa mwiko. Dakika mbili imekwisha. Usiigeuze mara kumi kama unatafuta hela ulizoficha chini yake.

Ikitoka, usiitandaze kwenye sahani wazi ipigwe upepo. Zipange moja juu ya nyingine ndani ya kitambaa safi, kisha kwenye hotpoti. Mvuke unazilainisha, kitambaa kinanyonya maji ya ziada. Bila kitambaa, ya chini inalowa kama imetoka kufuliwa.

Na za kesho asubuhi, zikibaki, zinyunyizie matone ya maji, kikaango moto, funika nusu dakika kila upande. Nimesema zikibaki. Nusu kilo inatoa chapati nane, nyumba ina watu wanne, hesabu inaonyesha mbilimbili. Lakini harufu ikishatoka dirishani, yupo jirani atakayekumbuka saa hiyohiyo kurudisha ungo alioazima tangu mwezi wa Ramadhani, na wanawe watatu wamemsindikiza kuubeba.