Nani anainama, nani yuko jikoni: Wakristo wa Korea na ibada ya wazazi waliokufa

Chuseok ikifika, sikukuu ya mavuno ya Korea, ndugu wawili wanaweza kukosana mbele ya meza moja. Kaka mkubwa anataka jesa, tambiko la wazazi waliokufa: ubani ufukizwe, pombe ya mchele imiminwe, kijiko kisimikwe kwenye bakuli la wali ili marehemu ale, kisha wanaume wainame mara mbili hadi sakafuni. Mdogo wake Mprotestanti hainami. Yeye anafanya chudo yebae, ibada ya Kikristo ya kumbukumbu: picha ya mama inawekwa mezani, wimbo unaimbwa, neno linasomwa, watu wanasali na kumkumbuka marehemu, halafu wanakula.

Anaonekana hana adabu, na wanaomlaumu wana sababu. Kwa Wakonfyusi, yaani wafuasi wa mafundisho ya Konfyusi, kumtumikia mzazi hakuishii kaburini. Mwaka 1791 Yun Ji-chung, Mkatoliki, alikatwa kichwa mjini Jeonju kwa kuchoma vibao vya majina ya mababu vinavyoheshimiwa katika jesa. Ajabu ni kwamba Roma, makao ya Kanisa Katoliki, iliyokataza matambiko hayo mwaka 1742, iliyalegezea mwaka 1939 ikisema kuinama ni heshima ya kiraia tu. Na Yun huyohuyo akatangazwa mwenyeheri mjini Seoul mwaka 2014. Basi Mprotestanti anaulizwa: Mkatoliki anainama, wewe kinakukwaza nini?

Swali zuri, ila linamhusu anayeinama peke yake. Mimi macho yangu yako jikoni. Tangu jana yake wakaza mwana wamechutama kando ya kikaango, wanachovya vipande vya samaki na maboga kwenye unga na mayai, kwa ajili ya wazazi ambao si wao. Katika nyumba nyingi za desturi, saa ya kuinama ikifika, wao wako nyuma au hawapo kabisa. Kwenye chudo yebae mkaza mwana anakaa na wenzake. Anaimba, maana wimbo hauna ubeti wa wanaume tu. Anaweza kusoma neno, hata kusali kwa sauti na kumtaja mama mkwe kwa jina. (Sufuria bado anaziosha yeye, tusidanganyane.)

Waprotestanti wenye msimamo mkali nao hawaridhiki. Picha ile, siku ileile ya jesa, chakula alichokipenda marehemu: kwao hiyo ni jesa iliyopita mlango wa uani. Huenda. Lakini huko uani ndiko wanawake walikokuwa muda wote wanaume walipokuwa wakiinama.