Injini hufutwa, haimwagiwi maji

Jumamosi moja, miaka kadhaa iliyopita, nilifungua boneti ya gari langu, Toyota IST yenye injini ya 1NZ, nikamimina mafuta ya taa juu ya injini, nikasugua kwa brashi ya sakafu, kisha nikamalizia na ndoo nne za maji ya sabuni. Injini ilitakata kweli. Maji meusi yaliteremka uwanjani, yakapita chini ya kamba ya kuanikia nguo, yakaingia kwenye tuta la mchicha la jirani yangu wa mlango wa pili. Kufikia Jumanne mchicha wote ulikuwa umelala. Nilipokwenda kumwomba radhi na kutaka kumlipa, alinijibu kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Baba Zuhura, hela yako kaa nayo. Ila maji hayo yasipite huku tena."

Hayajapita tena. Na msimamo wangu tangu siku ile ni huu: mtu anayesafisha injini nyumbani anapaswa kuifuta, wala asiimwagie maji, na kila tone la uchafu linalotoka pale lazima ajue linakwenda wapi.

Wengi wataniambia, kwa nini ujitese, si upeleke pale wanapoosha magari wapige presha yaishe? Nilipeleka. Kabla sijafika nyumbani gari likaanza kumisi, yaani injini ikawa inakatakata. Kwenye injini hii kila plagi ina koili yake, kifaa kinachoipa umeme wa cheche. Ziko nne, zimezama kwenye mashimo ya juu, palepale kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini. Maji ya presha yakipenya pembeni ya koili yanatuama ndani ya shimo, na umeme uliotakiwa kuruka kwenye ncha ya plagi unapata njia ya mkato. Fundi alifungua boliti moja ya namba kumi, akachomoa koili, akaikung'uta kwenye kiganja changu. Maji. Shimo lenyewe lilikuwa na maji yaliyofunika plagi, akayanyonya kwa tambara alilolisokota kama utambi. Nilikuwa nimelipa ili nitengenezewe ubovu.

Na uchafu wenyewe ulikuwa umekwenda wapi? Mtaroni. Sisi wa Tabata tunajua mitaro yetu inakoelekea: Mto Msimbazi, Jangwani, Salenda, baharini. Presha inaondoa uchafu machoni pako tu, halafu anaupokea mtu mwingine aliye bondeni.

Kwa hiyo nafanya mwenyewe, na siri kubwa niliyoigundua ni kwamba uchafu mwingi wa injini hutoka ukiwa mkavu. Kile unachokiona cheusi ni oili iliyovuja taratibu ikanasa vumbi la barabara zetu, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikawa donge kama ukoko wa sufuria. Ukimwaga mafuta ya taa kabla ya kubandua donge, umelifanya uji, na uji hauzuiliki. Mimi huanza na kipande cha mbao nilichokichonga bapa mfano wa mwiko mdogo. Chuma kinakwangua aluminiamu, mbao haikwangui. Nabandua taratibu, madonge yanadondokea kwenye karai lililo chini. Penye kona naingiza mswaki mkuukuu. Nusu saa ya kazi hii, bila tone la kitu chochote, na zaidi ya nusu ya uchafu inakuwa imeshatoka.

Matayarisho yako hivi. Gari naliwasha dakika chache injini ipate uvuguvugu, oili ilainike, kisha nalizima na kusubiri mpaka naweza kuweka mkono bila kuuondoa. Injini ya moto ni hatari kwa mikono, na ukiichanganya na mafuta ya taa ni hatari kwa nyumba nzima. Natoa waya wa hasi kwenye betri. Alteneta, kisanduku cha fyuzi na mdomo wa kuvutia hewa navifunika kwa mifuko. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mimi hutunza mifuko ya mkate kwa kazi hii, na inatosha. Chini ya gari natandika maboksi yaliyofunguliwa, juu yake namwaga unga wa mbao, ule unaodondoka chini ya msumeno wa seremala. Seremala wa mtaani kwetu hunijazia kiroba bure. Unga huo unafyonza oili kuliko tambara lolote nililowahi kujaribu. Karai linakaa katikati, mahali panapodondosha zaidi.

Baada ya kubandua ndipo mafuta ya taa yanaingia, na si ya kumwaga. Nusu lita kwenye kopo, brashi ya rangi ya inchi moja, nachovya ncha tu, napaka sehemu ndogo yenye ukubwa wa kiganja, nahesabu kama dakika mbili, nafuta kwa tambara la pamba. Halafu kiganja kingine. Mikanda na mipira ya rejeta siigusi kwa mafuta ya taa, kwa sababu mpira ukilowa mafuta huvimba na kulainika. Hiyo naifuta kwa sabuni ya maji kidogo. Mwisho napita kote na tambara lililokamuliwa kwenye maji ya sabuni, kisha kavu. Maji ninayotumia kwa injini nzima hayajazi ndoo ndogo.

Hapa naomba nisikilizwe vizuri: petroli usiiguse. Najua magereji mengi wanasafishia vyuma kwa petroli, na najua inakata oili haraka. Lakini mvuke wa petroli unashika moto hata kwenye baridi kali, sembuse joto la Dar es Salaam, na uwanja wa nyumba za kupanga haukosi jiko la mkaa linalopuliziwa mahali. Mvuke hutambaa chini, hauonekani, unalifuata jiko. Mafuta ya taa nayo yanawaka, lakini yanakupa nafasi. Na yakibaki, usiyatie kwenye chupa ya maji ya kunywa ukayaweka ukutani. Yanafanana na maji, mtoto mwenye kiu hatauliza. Dakika chache za uzembe huo zimejaza watoto wengi hospitalini, nami kwa jambo hili sina maneno laini.

Sasa, faida ambayo watu hawaifikirii. Injini chafu haichafuki yenyewe, kuna mahali panavuja. Nikishamaliza na kukausha, nachukua poda ya mtoto, napuliza kidogo kandokando ya gasketi ya tapeti kava, ule mpira unaoziba maungio yake, na kwenye maungio ninayoyatilia shaka. Natembeza gari siku mbili. Nikifungua boneti, pale penye poda nyeupe pana mstari mweusi mwembamba unaoteremka, na kichwa cha mstari ndicho chanzo. Kwangu ilikuwa gasketi ya tapeti kava, imekakamaa kwa uzee mpaka ilipokunjwa ikakatika kama biskuti. Oili ilikuwa ikidondokea kwenye ekzosi, na ile harufu ya kuungua niliyoizoea kwenye foleni ikaondoka siku gasketi ilipobadilishwa. Miezi mingi nilikuwa nikiongeza oili bila kujua inakokwenda.

Ndiyo maana namshuku muuza gari anayenionyesha injini inayong'aa kama sahani ya harusi. Amefuta ushahidi asubuhi hiyohiyo. Mnunuzi mwenzangu, mwombe muuzaji ukalizungushe gari kwanza, kisha fungua boneti tena, inama, tazama chini ya tapeti kava na kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, kwa tochi ya simu.

Limebaki suala la uchafu wenyewe. Madonge, unga wa mbao ulioloa na matambara vinaingia kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko. Sivichomi uwanjani, moshi wake ni mweusi na unaingia kwenye vyumba vya watu. Kimiminika cha kwenye karai, ambacho mara nyingi hakifiki nusu lita, nakichuja kwenye dumu nililoliandika OILI CHAFU kwa maki peni, na nikienda kubadilisha oili nalibeba mpaka gereji. Fundi wangu ana pipa la oili chafu, wapo wanaokuja kuinunua, wengine hupaka nguzo za mbao kuzuia mchwa. Zile taka ngumu za kwenye ndoo nazifunga vizuri, zinakwenda na gari la taka.

Jumamosi iliyopita nilimaliza saa nne na nusu, nikakunja maboksi, nikafagia. Jirani alikuwa akianua nguo hatua tatu kutoka kwenye boneti. Kwenye lile tuta sasa ameotesha matembele, na majani yake yamefika mpaka kwenye tairi langu la mbele.