Treni za London hazifiki Shildon

Ukitoka London kwa treni ya kasi unashuka Darlington, unavuka jukwaa na kupanda treni fupi ya kwenda Bishop Auckland. Baada ya kama nusu saa hivi uko Shildon, mji mdogo wa kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Siku niliyokwenda tulishuka watu wanne, na mmoja wetu alikuwa na mbwa.

Mimi nimekulia Tabora, mji ambao reli ya Wajerumani iliufikia mwaka 1912. Mji wa reli naujua kwa harufu: dizeli, grisi, mataruma yaliyochomwa na jua. Shildon haina jua la kuchoma taruma lolote, lakini harufu niliipata.

Tarehe 27 Septemba 1825, siku ya uzinduzi wa reli ya Stockton na Darlington, ndipo hapa kichwa cha mvuke kinachoitwa Locomotion No. 1 kilipofungwa mabehewa ya makaa ya mawe, unga na mamia ya watu, kikayavuta hadi Darlington na kisha Stockton. Mbele yake alitangulia mtu juu ya farasi, ameshika bendera. Kabla ya kufika Shildon, makaa yalikuwa yameshavutwa kwa kamba kupanda na kushuka vilima vya Etherley na Brusselton, maana vichwa vya wakati ule visingeweza mlima. Na baada ya sherehe, abiria waliendelea kwa miaka kadhaa kubebwa na gari la kukokotwa na farasi juu ya reli hiyohiyo! Hili wanaotengeneza mabango ya utalii hawalipendi sana.

Upana wa reli ile nao una hadithi. George Stephenson, mhandisi wa reli hiyo, aliuchukua kutoka njia za mabehewa ya migodi ya huko kaskazini-mashariki, baadaye ikaongezwa nusu inchi, ndiyo milimita 1,435 tunayopanda sasa kwenye SGR kutoka Dar es Salaam. Ya kwetu Tabora, ile ya zamani, ni mita moja kamili. Nilisimama pale nikipima kwa hatua kama mwendawazimu.

Jumba la makumbusho, nalo linaitwa Locomotion, lilifunguliwa mwaka 2004 na kiingilio ni bure. Nilikaa zaidi mbele ya Sans Pareil, kichwa alichounda Timothy Hackworth kwa ajili ya mashindano ya Rainhill mwaka 1829. Kilishindwa na Rocket ya akina Stephenson. Hackworth ndiye aliyevifanya vichwa vya reli hii vifanye kazi siku hadi siku, akiwa msimamizi wa vichwa hivyo hapahapa Shildon, lakini nje ya mji huu ni wachache wanaolitaja jina lake. Fundi wa gereji anaelewa ninachosema.

Kinachouma ni miaka ishirini kabla ya makumbusho kufunguliwa. Mwaka 1984 karakana kubwa ya mabehewa ilifungwa, na mji wa watu kama elfu kumi ukapoteza kazi iliyolisha nyumba nyingi kwa vizazi. Makumbusho ni mazuri, ila hayaajiri mafundi wa kuchomelea mabehewa. Nilipotembea barabara kuu nikaona maduka yenye vioo vilivyozibwa, nikakumbuka mitaa fulani ya nyumbani.

Kwa hiyo katika mvutano wa Locomotion No. 1 ikae wapi, Darlington au Shildon, nina upande wangu. Mwaka 2021 kichwa hicho kilihamishwa kutoka Darlington, kilikokaa miaka mingi, kikaletwa Shildon, na watu wa Darlington walinuna. Nawaelewa, nao walikitunza vizuri. Lakini Darlington mgeni atafika tu, hata akiwa anabadilisha treni. Shildon haiko njiani kwa mtu yeyote. Wale wenzangu watatu wa jukwaani, isipokuwa mwenye mbwa, niliwakuta ndani wakipiga picha kichwa hicho.