KCMC na vijijini: tunahesabu kambi, hatuhesabu watoa usingizi

Kila kambi ya madaktari bingwa inapotangazwa wilayani, iwe Same, Simanjiro au Mbulu, lawama huelekezwa Moshi. Inakuwaje hospitali ya rufaa ya kanda, yenye chuo kikuu ndani ya uzio wake, haionekani vijijini kila mwezi? Hospitali hiyo, KCMC (Kilimanjaro Christian Medical Centre), ipo tangu 1971. Mabingwa inao, magari inayo. Wanaouliza hivyo wana hoja, ila nadhani wanautafuta mchango wa hospitali ile mahali usipokaa, wakiukosa wanasema haupo kabisa.

Tuanze na wanachosema. Hospitali kubwa huvuta watu na fedha. Tabibu hodari wa Orkesumet akienda kusoma Moshi, huenda asirudi. Aliyehitimu ubingwa anataka kufanya kazi penye vipimo, wenzake wa kushauriana nao na shule ya watoto, na huwezi kumlaumu. Serikali nayo hulipa mishahara ya sehemu ya watumishi wa hospitali hii ya kanisa, kwa hiyo mwananchi ana haki ya kuuliza anapata nini. Halafu kuna gharama ambayo haimo kwenye risiti yoyote. Mgonjwa anayetoka Loliondo hasafiri peke yake: nauli ni ya watu wawili, ndugu anayemuuguza anahitaji chakula na mahali pa kulala, na mbuzi wa kulipia hayo yote huuzwa mnadani kwa bei ya shida, kwa sababu mnunuzi anajua kwamba una haraka.

Kambi huondoa sehemu kubwa ya mzigo huo. Tangu 2024 Madaktari Bingwa wa Mama Samia, mpango wa serikali, wamekuwa wakizunguka hospitali za halmashauri, na mama aliyekaa na uvimbe kwa miaka anafanyiwa upasuaji karibu na kwake. Wageni hao pia huwaelekeza watumishi wanaowakuta. Anayebeza hilo hajawahi kukaa kwenye foleni ile. Wasiwasi wangu unaanza Jumatatu inayofuata, mabingwa wakishaondoka.

Kuna takwimu mbili ambazo kila nikizirudia naziona zinasema jambo tusilotaka kulisikia. Katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Katika ule wa 2022 vilishuka hadi 104. Wataalamu wa takwimu watakukumbusha kwamba makadirio ya aina hii yana ukingo mpana wa makosa, na ni kweli; lakini hata ukipunguza shangwe, mteremko ni mkubwa. Katika kipindi hicho hicho, kujifungulia katika vituo vya kutolea huduma kulipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Wanawake hao walioongezeka walikwenda wapi? Hawakuhamia Moshi. Wengi walikwenda zahanati na kituo cha afya cha kata, na pale pale ndipo ilipoamuliwa kama mimba yenye matatizo itaishia kwa mtoto au kwa msiba.

Sasa ingia katika kimojawapo cha vituo vya afya vilivyojengwa au kukarabatiwa kuanzia 2017. Meza ya upasuaji ipo, bado ina nailoni pembeni. Taa ipo, jenereta ipo. Yupo na daktari anayeweza kupasua. Uliza mtu wa usingizi, yule wa kumtia mgonjwa ganzi. Mara nyingi ni mmoja, muuguzi aliyepelekwa masomoni, na leo yuko likizo. Basi chumba kimefungwa. Upasuaji wa kumtoa mtoto unahitaji mkono mwingine zaidi ya ule ulioshika kisu: wa kuchoma sindano ya ganzi mgongoni, kukaa kichwani kwa mama presha inaposhuka ghafla, kujua la kufanya dakika ile ile. Asipokuwepo, jengo zima ni stoo yenye vigae, na mama anapandishwa gari la wagonjwa kwenda wilayani, barabara ikiruhusu.

Muuguzi huyo alisomea wapi? Kwa kanda ya kaskazini, kuna uwezekano mzuri kwamba alipita KCMC, ambayo kwa miaka mingi imefundisha wauguzi na madaktari wasaidizi kutoa usingizi. Hakuna anayekata utepe kwa ajili yake. Ndivyo ilivyo pia kwa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichoanza mapema miaka ya 1990 ndani ya eneo hilo hilo: kinawachukua matabibu na wauguzi, si kutoka Tanzania tu bali nchi nyingi za Afrika, na kuwarudisha makwao wakijua kutofautisha fangasi, upele na ukoma. Kwenye kituo hicho ndiko yalikotengenezwa mafuta ya kukinga jua ya Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Na kwa ajili ya watu hao hospitali ilitoka kweli nje ya uzio wake, kwa kliniki tembezi. Ila kliniki ya namna hiyo hurudi kwa watu wale wale, ina daftari lenye majina yao, na kidonda cha sikio kilichoonekana safari iliyopita kinatazamwa tena kabla hakijawa saratani. Kambi ya siku chache haiwezi hilo, hata ikiwa na mabingwa ishirini.

Simaanishi kwamba Moshi haina deni. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2010 kwamba vyuo vya afya vichukue wanafunzi waliokulia vijijini na viwapeleke huko wakati wa mafunzo, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kubaki. Mfumo wetu wa udahili unatazama alama, basi. Na karatasi ya kuruhusiwa ni aibu ya hospitali zetu kubwa karibu zote. Niliwahi kumsindikiza shangazi yangu zahanati na karatasi kutoka hospitali moja kubwa: mistari mitatu ya vifupisho, dawa mbili zisizosomeka, na agizo la kurudi mjini baada ya wiki mbili. Kurudi kufanya nini? Kutolewa nyuzi. Muuguzi wa zahanati angezitoa kwa dakika kumi kama kuna mtu angemwandikia.

Lakini lawama nyingine zinagonga mlango usio wao. Muuguzi wa kituo cha afya akipata nafasi ya kusomea usingizi, mganga mfawidhi anayesaini ruhusa anajua kwamba zamu ya usiku itabaki na mtu mmoja hadi atakaporudi, na kwamba ada haimo kwenye bajeti ya mwaka. Wengi hawasaini. Nafasi hiyo ikipotea, KCMC haiwezi kuijaza kwa kumpeleka bingwa siku tano. Anayepaswa kuulizwa ni Mganga Mkuu wa Wilaya na baraza la madiwani, na sijasikia diwani akiuliza.